Maneno ya Mstari wa Kati

Ujumbe ulisema Madam Felista amefariki na mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwake Bunju, na aliyeutuma alikuwa amekosea herufi katika maneno matatu. Niliyahesabu. Nimestaafu uhazili lakini macho hayajastaafu, na wajukuu zangu wanajua kwamba wakiniandikia "cjui" nawarudishia ujumbe wao ukiwa umesahihishwa. Madam angefanya vivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga taipu, na riziki yote niliyoipata tangu nikiwa na miaka kumi na tisa ilianzia kwenye chumba chake cha Temeke. Nililia kidogo. Kisha nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikimfikiria mtu mwingine ambaye bila shaka naye alikuwa amepata ujumbe uleule, mtu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini sijaweza kumtazama usoni sawasawa. Mwanaidi. Nilijua atakuja. Nikafikiria kusingizia mgongo ili nisiende, maana katika umri huu mgongo hauulizwi maswali, lakini nikaona aibu ya kumdanganya maiti.

Habari za nilikozaliwa na nani alimzaa nani nitaziacha. Inatosha kusema kwamba nilifika Temeke kutoka kusini nikiwa na sanduku moja la bati na nafasi kwenye chuo cha uhazili, na kwamba mjini sikuwa na ndugu hata mmoja. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Mashine za taipu zilikuwa tisa, nzito, za chuma, juu ya meza ndefu za mbao zilizotikisika sote tulipopiga kwa pamoja. Upande wa pili wa ukuta wa mbao fundi naye alikuwa anakanyaga cherehani yake, na wateja wake waliongea bila kujali kama tunawasikia, kwa hiyo mwaka ule nilijifunza taipu na mambo ya ndoa za watu wa Temeke kwa wakati mmoja. Madam Felista alikuwa ameshafanya kazi ofisi za serikali. Alivaa saa kwa upande wa ndani wa mkono na alitembea nyuma yetu na rula. Herufi zote kwenye vitufe alikuwa amezipaka rangi ya kucha nyeusi, zisionekane. Isitoshe, kila mwanafunzi alikuja na kanga yake. Pindo moja ulifunga shingoni, pindo la pili ukatandaza juu ya mashine, mikono ikawa chini ya kanga, gizani. Kilichobaki kuonekana ni karatasi ikipanda juu ya rola, nayo ilikuwa marufuku kuitazama. Macho yalitakiwa kwenye kitabu, upande wa kulia. Ukiyashusha tu, rula ilikukuta kwenye vifundo vya vidole.

Majuma ya kwanza hatukuruhusiwa kutoka mstari wa kati wa mashine. Ni herufi tisa, A mpaka L kwa mpangilio wao wa ajabu, na irabu ndani yake ni moja tu, A. Maneno yote tuliyopiga, asubuhi mpaka adhuhuri, yalikuwa ya Kiingereza na yalitoka kwenye herufi hizo tisa. Sad lad. Glad lass. Ask dad. A lad had a salad. Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo niliyachukua maneno yale kama taarifa za familia fulani. Kulikuwa na kijana mwenye huzuni, msichana mwenye furaha, na baba aliyekuwa akiulizwa kila kitu. Walikuwa na chupa ya chai, maana flask ilikuwemo, na gilasi, na ukumbi, na kila siku mtu alianguka, fall, falls. Mama hakuwemo. Mama kwa Kiingereza anahitaji herufi za mistari mingine. Wali haukuwemo, wala samaki. "Ndiyo" haikuwezekana, wala "hapana", wala "mimi", wala "samahani". Nilipowaza kwamba kuna watu wameishi hivyo majuma sita bila mtu wa kuwapikia, niliwahurumia kweli. Nilimwambia Mwanaidi tukiwa tunakula mihogo ya kukaanga uani kwa fundi. Alicheka mpaka pilipili ikampalia.

"Shoga, wewe una kazi," akasema. "Mie nahangaika vidole visikosee, wewe unawatafutia mpishi!"

Mwanaidi alikaa mashine ya pili, mimi ya tatu. Alikuwa mtoto wa palepale Temeke, kwao wenyeji wa mji kabla mji haujawa na barabara, na alikuwa na akili iliyoniudhi tangu juma la kwanza. Nasema iliniudhi kwa sababu ni kweli. Kila Ijumaa Madam alitupa kamusi isiyo na jalada na kutuagiza tutafute neno refu kuliko yote lililotengenezwa na herufi za mstari wa kati peke yake. Mimi nilileta flash nikajiona nimefika. Mwenzangu mmoja akaleta salads, Madam akasema wingi si akili. Mwanaidi alisimama na alfalfa, herufi saba. Darasa zima hatukujua ni mnyama au mmea, hata Madam alilazimika kuivuta kamusi na kuisoma kimoyomoyo kabla ya kututangazia kwamba ni majani wanayolishwa farasi wa Wazungu. Siku nyingine Madam alipotoka kidogo, Mwanaidi akagundua kwamba hata Kiswahili kinawezekana humo. Alipiga mstari mzima, "kaka kalala dada kasaga", na akaipitisha karatasi mkono kwa mkono. Madam aliingia tukiwa tunashika mbavu. Alimpiga rula, kisha akaisoma tena karatasi ile, akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake.

Nilikuwa nimefikia hosteli ya kanisa, ambako waliniambia majuma mawili tu. Majuma mawili yalipokwisha Mwanaidi hakuniuliza. Alibeba upande mmoja wa sanduku langu, mimi nikabeba upande wa pili, tukaenda kwao. Mama yake, Bi Hadija, alikuwa anachambua mchele barazani. Nikapiga goti, "Shikamoo, mama." Aliitikia marahaba, akalitazama sanduku, akamtazama mwanawe, na badala ya kuuliza huyu nani akauliza nakula nini na sili nini. Tangu siku hiyo nililala kitanda kimoja na Mwanaidi, chumba cha uani, mwaka mzima. Jumapili Bi Hadija ndiye aliyenigongea mlango nisichelewe kanisani. Mwezi wa Ramadhani uliponikuta pale nilidhani nitashinda njaa kwa adabu, lakini kila mchana nilikuta sahani yangu imefunikwa kawa, wali na mboga ya jana, na yeye mwenyewe amefunga. Nikimshukuru alinikemea. "Kula huko, mtoto wa watu usije ukaniangukia hapa," alisema. Alikuwa mwanamke mkali. Niliwahi kumwona akimtoa mpangaji na vyombo vyake barabarani saa nane mchana, kwa sababu ya uongo mdogo tu kuhusu ndoo ya maji. Uongo hakuuweza kabisa. Mengine yote aliyavumilia.

Miezi ya mwisho Madam alitutangazia kwamba ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini inataka mpiga taipu, mmoja, na itamchukua atakayeongoza mtihani wake wa kasi. Wengine tungepata cheti na kila mtu ajitafutie. Nilijua maana yake kwangu. Nyumbani walikuwa wamenipa mwaka mmoja, ukiisha bila kazi narudi kusini. Maana yake kwa Mwanaidi niliijua siku ileile, kwa sababu nilikuwa chumbani nakunja nguo na Bi Hadija alikuwa ukumbini na dada yake, na ukuta wa nyumba ile haukufika darini.

"Wale watu wa Kunduchi wamekuja tena," Bi Hadija alisema. "Wanataka jibu."

"Si yule mwenye mke?"

"Mwenye mke, ndiyo. Lakini mtu mzima, mstaarabu, ana chombo chake cha kuvulia. Mie nimewaambia wasubiri mtihani wa mtoto. Akipata kazi, tunamwacha kwanza afanye kazi. Asipopata, nitamweka hapa anitazame mpaka lini?"

Nilimwambia Mwanaidi niliyoyasikia. Alikaa kitandani akasema hamtaki mtu wa Kunduchi wala wa kwingineko, anataka kukaa ofisini na kupigiwa simu. Kisha akanihakikishia kwamba hata akiwa wa kwanza atamwomba bosi wake aniingize na mimi. Alisema hivyo kama jambo lililokwisha kuamuliwa, wa kwanza ni yeye, kilichobaki ni kunitafutia mimi nafasi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi nilikuwa wa pili darasani, naye alinipita kwa mbali, na sote tulijua. Nilimshukuru, na moyoni nilichukia kushukuru.

Hapa lazima nieleze kuhusu kukohoa. Mtu anayepiga taipu bila kuangalia ana kosa moja linaloweza kummaliza. Vidole vikikaa kitufe kimoja pembeni ya mahali pao, kila herufi inatoka ya jirani, na yeye hana habari. Anapiga vizuri, kwa mdundo, kwa kasi, na karatasi nzima inajaa takataka. Kwa kuwa Madam alikataza kutazama karatasi yako, tulikuwa tunatazamiana. Kwa pembe ya jicho uliweza kuiona karatasi ya jirani ikipanda, na ukiona imeharibika unakohoa mara moja. Anayekoholewa anajua, anavirudisha vidole, anaendelea. Darasa zima tulifanya hivyo, kila mtu na jirani yake. Madam alijua fika. Alikuwa akisema darasa lake lina kifua kikuu, na hakutukataza, kwa sababu alisema hata ofisini mtu hafanyi kazi peke yake. Mwanaidi alishanikoholea mara nyingi kuliko mimi nilivyomkoholea.

Mtihani ulifanyika asubuhi, dakika kumi, barua ya biashara ya ukurasa mmoja. Ukikosea uliruhusiwa kuchomoa karatasi na kuanza upya, ila saa haikusimama. Tulifunga kanga zetu shingoni. Nakumbuka ya Mwanaidi ilikuwa mpya, bado ina harufu ya dukani, mama yake alimnunulia kwa siku hiyo. Jasho lilikuwa linamtoka mikononi. Madam alipoinua saa yake, Mwanaidi aliitoa mikono chini ya kanga, akaifuta haraka kwenye mapaja, akairudisha. Madam akasema anzeni. Mashine zote tisa zikaanza kwa pamoja, na upande wa pili fundi akaacha cherehani, nadhani kwa heshima.

Nilikuwa sijamaliza mstari wa pili nilipoiona karatasi yake. Mahali palipotakiwa kuandikwa Dear Sir paliandikwa Frst Dot. Chini yake mstari mzima uliokuwa na sura ya maneno, wenye nafasi mahali pake, na hakuna neno hata moja. Alikuwa amekosea kitufe kimoja, kwenda kulia, mikono yote miwili. Alikuwa anapiga vizuri sana. Mdundo wake ulikuwa safi kuliko wa mtu yeyote chumbani.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku ile. Nimejiambia nilikuwa na hofu, nilikuwa mtoto, nilichelewa kuelewa ninachokiona. Si kweli. Nilielewa mara moja, na nilipiga hesabu vizuri kabisa huku vidole vyangu vikiendelea na barua. Nikikohoa sasa, atachomoa karatasi, ataanza upya, atakuwa amepoteza dakika moja, na kwa kasi yake bado atanipita. Nikikohoa baadaye, huenda asinipite. Nikinyamaza, kazi ni yangu. Kikohozi kilikuwa kimefika kooni. Nilikimeza. Mstari wa tatu wake ukapanda, wa nne, wa tano, na kila mmoja nilikuwa na nafasi nyingine ya kukohoa, kwa hiyo sikumsaliti mara moja. Nilimsaliti mstari kwa mstari mpaka mwisho wa ukurasa.

Madam alipita akifungua kanga na kuchomoa karatasi. Yangu ilikuwa na makosa mawili. Alipoichomoa ya Mwanaidi alisimama, akaigeuza kama vile huenda upande wa nyuma una maelezo. Mtu wa nyuma akaiona akacheka, wengine wakafuata, kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu. Mwanaidi aliipokea, akaisoma mstari wa kwanza. Kisha akanigeukia.

"Skola, hukuona?"

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa naangalia kitabu."

"Haya," akasema.

Bi Hadija alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa ajili yetu sote wawili, kwa vyovyote itakavyokuwa. Alipoambiwa matokeo aliweka mwiko chini. Alinipa mkono, akanipongeza kwa dhati, akaniombea dua. Ndipo akamgeukia mwanawe. Alisema mwenzake amekuja na sanduku moja kutoka huko mbali, hapa mjini hana mama wala shangazi, ameweza. Yeye amezaliwa hapa, analishwa, ananunuliwa kanga mpya, na siku ya siku anakwenda kuchezea mashine za watu. Alisema mengi. Mwanaidi aliinama juu ya sahani na hakujibu hata neno. Mimi nilikula. Hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko yote, kwamba nilikuwa na njaa, na nilikula mpaka nikashiba.

Siku yangu ya kwanza kazini Bi Hadija ndiye aliyeninyooshea sketi kwa pasi ya mkaa. Kabla ya mwezi kwisha nilipata chumba changu. Mwanaidi aliolewa Kunduchi kabla ya mvua, nami nilibeba sinia kwenye harusi yake nikiwa miongoni mwa wasichana wa nyumbani. Ndoa yenyewe, kwa haki, haikuwa ya kusikitikiwa. Yeye na mke mwenzie walipatana, wakauza samaki pamoja, na mume alipofariki waliendelea pamoja. Leo ana majokofu, mabinti zake ndio wanaosimamia. Mimi nilipiga barua za watu wengine hadi mashine zikageuka kompyuta. Kila Idi nilikwenda Temeke kumsalimia Bi Hadija na sukari na kanga, na mara nyingi nilimkuta Mwanaidi amekuja pia. Tuliongea habari za watoto. Bi Hadija alipofariki nikaacha kwenda, na Kunduchi sikuwa nimewahi kukanyaga tangu harusi.

Bunju siku ya mazishi palikuwa na vumbi na watu wengi. Nusu ya wahazili wa mji huu, naona, walipitia mikononi mwa Madam. Tuliporudi makaburini tulipangwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukapewa wali na nyama, na kiti cha kando yangu kilichokuwa wazi akaja kukaa Mwanaidi. Amenenepa, vizuri. Amevaa miwani. Alinisalimia, akaniuliza mgongo, akaanza kula. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu nyumbani na yote yaliniruka.

"Niliona," nikasema. "Siku ya mtihani. Niliona tangu mstari wa kwanza."

Alimeza alichokuwa nacho mdomoni kwanza.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu palepale, Skola. Mie nilikuwaga nikikosea herufi moja tu, wewe unakohoa mpaka Madam anageuka. Siku ile ukurasa mzima, kimya. Nijue kwa mganga?"

Nilijaribu kuomba radhi. Sikumbuki nilivyosema, najua tu kwamba mama mmoja wa mbele aligeuka kutazama nani analia hivyo wakati Madam ameshazikwa. Mwanaidi alinipa kitambaa chake. Alisema yameisha, yeye alishasamehe zamani, alipopata mtoto wa pili au wa tatu, hakumbuki, siku moja tu aliona halimuumi tena.

"Ila Mama ndiye alinichosha," akasema, na akacheka kidogo. "Mpaka yuko kitandani hajiwezi, nikimpelekea chai anasema, mwenzio Skola asingeleta chai ya baridi hivi. Mwenzio Skola alikuja na sanduku moja. Kila siku! Na wewe Idi unakuja na sukari yako, anakushika mkono anakuonyesha majirani, mie nimekaa pale natazama."

"Hukumwambia?"

"Alikufa hajui."

Niliacha kula. Miaka yote ile nilikuwa nimejiambia kwamba kama Mwanaidi angejua, angesema. Kunyamaza kwake ndiko nilikokuwa nakulalia.

"Ungemwambia neno moja tu," nikasema. "Siku ileile, alipokuwa anakusema. Mie nilikuwa nimekaa pale nakula. Ungesema, angekuacha. Labda hata wale watu wa Kunduchi wasingepewa jibu. Kwa nini hukusema?"

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la mtandio. Bila miwani niliona macho yake yale yale, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hiyo yote nilimtazama.

"Unamjua Mama kwa mtu muongo," akasema. "Angekutoa muda uleule na sanduku lako. Na mjini humu ulikuwa huna mtu." Akanitazama, kama anayengoja jibu kweli. "Ungelala wapi?"